Kamba Ndani ya Karavati

Mwaka wa sabini na nane nililaza karavati hili,
mimi, Desmond Tulloch, fundi wa barabara za wilaya:
zege la inchi ishirini na nne, chini ya njia ya lori la maziwa.
Nilipima kwa pimamaji. Nikapigiwa muhuri.
Hakuna aliyeniuliza samaki watapita wapi,
nami sikujiuliza.

Maji yana subira ya mdai.
Miaka arobaini yalichimba chini ya mdomo wa bomba
hadi bomba likabaki linaning'inia,
kimo cha goti la mtu mzima,
likitema kijito cha Waipuhi shimoni
kama mlevi anayetema mate dirishani.

Alikuja Lorna Breckon, mwalimu mstaafu,
mabuti ya mpira, daftari ndani ya mfuko wa mkate.
"Juu ya bomba hamna kitu, Bwana Tulloch. Una michoro?"
Nilikuwa nayo. Yote.
Nikaenda kuchemsha chai
ili asinione usoni.

Mkunga wa huku hukaa kijitoni miaka sitini, themanini,
mweusi, mnene kama mkono wa mhunzi.
Kisha usiku mmoja wa mvua ya Aprili
huacha kula, macho humpanuka,
huteremka baharini, upande wa Tonga,
azae mara moja, afe.
Mkunga asiye na mkunga wa kumpokea.
Watoto hurudi peke yao, wawazi kama kioo,
wakitafuta maji matamu wasiyowahi kuyaonja.

Hao ndio niliowajengea ukuta.

Bibi Hinerangi, ambaye ukoo wake ulitega hapa
mitego ya kusuka, alisema tu:
"Ladha nimeisahau. Moshi naukumbuka."

Garth Pascoe alikataa uzio misimu miwili.
"Ng'ombe wangu wanywe wapi, kwenye daftari lako?"
Kisha ndama akazama matopeni mwezi wa Agosti,
tukamvuta watu saba, kwa kamba ya trekta,
na Lorna akapoteza buti moja ambalo bado limo humo.
Jumatatu nguzo zilikuwa zimeshushwa langoni.
Hakusema neno. Hatukumdai.

Tukapanda kitani cha kienyeji, miche mia nne.
Gharika ya Juni ikachukua mia mbili themanini.
Tukapanda tena, mashimo marefu zaidi,
safari hii bila hotuba ya diwani.

Kamba tulipewa na wafugaji wa kome,
kuukuu, zenye nyuzi kama ndevu za beberu,
za mtoto wa samaki kushika anapopanda.
Tamahou, mjukuu wa Hinerangi, miaka kumi na mmoja,
ndiye pekee aliyeenea bombani.
Alitambaa na tochi mdomoni,
akazifunga kwenye pete nilizozitobolea mwenyewe,
kwa mkono ule ule.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Sisi hatukuwa tunazoa maji.
Tulikuwa tunawarudishia wenyewe mlango.

Januari, usiku wa kuhesabu.
Nililala kifudifudi juu ya zege langu,
kiuno kikilia, pua karibu na maji.
Kwanza hakuna. Saa nzima, hakuna, mbu tu.
Kisha uzi wa kiatu wenye macho
ukajinasua kutoka shimoni, ukaikumbatia kamba,
ukapanda, ukaanguka,
ukaanza upya.

Hinerangi alihesabu kwa lugha yake, polepole,
kama anayeita majina ya waliochelewa.
Tisa.
Mwaka jana tuliandika sufuri.

Wa kumi alikuwa nusu ya kamba tochi ilipozimika.
Tulibishana gizani kama aandikwe.
Mimi nilisema hapana, kipimo ni kipimo.
Lorna alinyamaza.
Nikasikia kalamu ya Tamahou
ikikwaruza karatasi.